Macho ya Dereva: Kupima Unachokiona na Kuendesha kwa Kadiri Yake, Malindi na Barabara Zake

Tazama ubavu wa tairi lako la mbele la kushoto. Kama limejaa mikwaruzo ya ukingo wa barabara, na gari hilo umeliendesha miaka, huenda hitilafu haiko kwenye usukani. Tazama pia bampa la nyuma upande wa kushoto, halafu ujiulize wiki hii umeingia mashimo mangapi ambayo abiria wako aliyaona kabla yako. Jicho linapofifia haliumi. Hufifia polepole, na ubongo huziba mapengo kwa kukisia, hivyo mwenye jicho huwa wa mwisho kujua. Gari humtangulia.

Dalili nyingine za kuangalia: unasubiri tuktuk ikukaribie sana ndipo ujue inakuja au inakwenda; unahama katikati ya barabara bila kukusudia giza linapoingia; unakaza macho kusoma bango la matatu; taa za mbele za wenzako zina miali mirefu au duara la rangi kuzizunguka; unaanza kukwepa safari za usiku na kujipa visingizio vingine. Hiyo ya mwisho watu wengi huita busara, na kweli ni busara nusu. Nusu iliyobaki ni kwenda kupima.

Kipimo cha uani: mita 20

Uingereza, ambako watu huendesha kushoto kama sisi, dereva wa gari dogo hutakiwa mambo mawili: asome namba ya gari kwa umbali wa mita 20 mchana, na afikie kiwango cha 6/12 macho yote mawili yakiwa wazi. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine, kwa hiyo kifanye leo.

Usikadirie mita 20 kwa hatua. Hatua ya mtu mzima huwa kama sentimita 75, lakini anayeogopa matokeo hufupisha hatua bila kujijua. Azima futi ya fundi, pima kamba ya mita 20, ifunge fundo kila upande. Simamisha gari ambalo namba yake huijui. Gari lako halifai, maana utaisoma kwa kichwa badala ya macho. Bamba liwe safi, lisiwe limechubuka, na liwe kivulini au jua liwe nyuma yako. Msaidizi ashike upande mmoja wa kamba kwenye bamba, wewe simama kwenye fundo la pili.

Soma kwa macho mawili kwanza, ukiwa umevaa miwani yako ya kuendeshea kama unayo. Halafu ziba jicho moja kwa kiganja kilichokunjwa kama bakuli. Usilibonyeze jicho kwa vidole, kwani likibonyezwa litaona ukungu kwa dakika kadhaa na kipimo kitakudanganya. Soma herufi moja moja kwa sauti, msaidizi asikusahihishe mpaka umalize. Badili jicho, na badili gari. Wengi hushtuka hapa: macho mawili yalisoma vizuri, kumbe jicho moja lilikuwa limebebwa na mwenzake mwaka mzima.

Ukishindwa kwa macho yote mawili, usiendeshe kurudi nyumbani. Mpe msaidizi ufunguo.

Kipimo cha 6/12 nacho unaweza kukikaribia mwenyewe. Tarakimu ya juu ni umbali uliosimama wewe kwa mita. Ya chini ni umbali ambao mtu mwenye macho mazuri angesoma herufi ileile. Kwa hiyo mwenye 6/12 hulazimika kusogea mita 6 ili asome kinachosomwa na mwenzake akiwa mita 12. Chora herufi E nne nyeusi tii kwenye karatasi nyeupe, kila moja ikielekea upande wake. Kimo milimita 17.5, upana milimita 17.5, na kila mstari wa herufi uwe na unene wa milimita 3.5. Ibandike ukutani penye mwanga wa kutosha, simama mita 6, mtu akuonyeshe herufi kwa kijiti, nawe utaje meno ya E yanaelekea wapi. Hiki hakichukui nafasi ya hospitali. Kinakuambia tu kama safari ya hospitali inaweza kungoja mwisho wa mwezi au haiwezi.

Pembeni na katikati

Mtu anaweza kusoma namba ya gari vizuri kabisa na bado asimwone mtoto anayetoka kichochoroni. Presha ya jicho, ile madaktari waiitayo glakoma, hula pembe za uoni kwanza na kuacha katikati safi. Haina maumivu kwa watu wengi, na kilichopotea hakirudi. Ukishapita miaka 40, au kama mzazi wako au ndugu yako anayo, pimwa hata kama huna dalili yoyote.

Nyumbani fanya hivi. Keti ukitazamana na mwenzio, umbali wa mita moja, macho yakiwa kimo kimoja. Wewe ziba jicho la kushoto, yeye azibe la kulia, ili macho yaliyo wazi yatazamane. Kila mtu akodolee jicho la mwenzake bila kulihamisha. Mwenzio anyooshe mkono pembeni, katikati yenu, auingize polepole akichezesha kidole kimoja. Sema “naona” mara tu ukikiona. Kama yeye anakiona mapema kuliko wewe, tena upande uleule kila mkirudia, hapo pana pengo. Jaribuni juu, chini, kulia, kushoto, halafu jicho la pili.

Katikati ya jicho hupimwa kwa daftari la hesabu, lile la miraba. Weka nukta katikati ya ukurasa, shika daftari sentimita 30 kutoka usoni, vaa miwani ya kusomea kama unaitumia, ziba jicho moja na utazame nukta. Mistari ikipinda, ikikatika, au kukiwa na doa la kivuli, usingoje. Hili ni la kwenda kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, hasa kwa mwenye kisukari.

Rangi haina uzito mkubwa kiasi hicho. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hujifunza kwamba kwenye taa za barabarani nyekundu hukaa juu. Shida yake ni taa za breki za gari lililo mbele jioni, ambazo kwake huonekana hafifu. Aongeze nafasi.

Ukienda kupimwa

Kwanza, panga mtu wa kukurudisha. Daktari akitaka kutazama ndani ya jicho hutia tone za kupanua mboni, na baada ya hapo mwanga wa Malindi saa sita mchana ni kama kumwagiwa chokaa machoni. Ukungu huo kwa kawaida hudumu saa 4 hadi 6, na tone nyingine hufika siku nzima. Siku hiyo huendeshi, hata tuktuk.

Pili, mwambie kwamba wewe ni dereva, unaendesha nini na saa ngapi. “Sioni vizuri” ni maneno mapana mno. “Naendesha matatu ya Mombasa, nashushia abiria wa mwisho saa tatu usiku, na taa za mbele zinanipasua” ni sentensi inayompa daktari kazi ya kufanya. Umwombe mambo manne kwa majina: uoni wa kila jicho peke yake, presha ya jicho, upana wa uoni wa pembeni, na mtazamo wa nyuma ya jicho. Duka la miwani mara nyingi hukupa la kwanza tu, na ndiyo maana mtu huuziwa miwani mitatu kwa mwaka ilhali ana mtoto wa jicho. Kama mashine hazipatikani karibu, hospitali maalumu za macho zipo Mombasa na Kwale. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Panda basi, usijipeleke.

Mwenye kisukari asipimwe miwani wakati sukari inapanda na kushuka. Sukari hubadilisha lenzi ya jicho, kwa hiyo miwani uliyopimwa wiki ya sukari ya juu itakuwa bure wiki ya sukari iliyotulia. Tuliza sukari kwa wiki kadhaa kwanza. Nyuma ya jicho, lakini, itazamwe kila mwaka bila kungojea lolote.

Kuna na kile kinyama kinachoota kwenye pembe ya jicho upande wa pua na kutambaa kuelekea kwenye mboni. Huku pwani ni kawaida kwa wavuvi, madereva wa malori na watu wa boda, kwa sababu ya jua, upepo na vumbi. Kikiwa pembeni ni wekundu na muwasho tu. Kikianza kulivuta jicho hulipinda uso wake, na hapo taa moja huwa mbili. Kofia yenye ukingo na miwani ya jua hupunguza mwendo wake. Tone za kuondoa wekundu zinazouzwa dukani haziponyi.

Miwani: makosa yanayorudiwa

Kosa linaloongoza ni kuendesha na miwani ya kusomea iliyonunuliwa mkononi. Miwani ya +2.00 inakufaa kwa simu, lakini kila kilicho mbele ya nusu mita hukizamisha kwenye ukungu. Dashibodi utaiona inang'aa, barabara hutaiona. Anayehitaji ya karibu na ya mbali apimiwe lenzi yenye sehemu mbili, kisha azoee kwa siku kadhaa akitembea kwa miguu na kushuka ngazi kabla ya kushika usukani.

Kwenye karatasi yako ya kipimo, alama ya kutoa, tuseme -1.50, ina maana huoni mbali. Mwenye hiyo akiacha miwani nyumbani asijidanganye kwamba “ni hapa sokoni tu”. Weka miwani ya akiba garini ndani ya kasha, lakini si juu ya dashibodi, maana joto la hapo hupasua mpako wa lenzi na kulegeza fremu. Lenzi iliyojaa mikwaruzo hutawanya mwanga usiku kuliko hata kioo kichafu. Ioshe kwa maji kwanza, ndipo uifute; ukiifuta kavu ikiwa na chumvi na mchanga unaipiga msasa. Ukiweza kulipia ziada, lipia mpako wa kuzuia mng'ao.

Ile miwani ya njano inayouzwa kwa jina la miwani ya usiku haisaidii. Inakata mwanga wakati ambapo jicho linaulilia. Kinachohisiwa kama ahueni ni taa za wenzako kupungua ukali, lakini mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi amepungua pia. Miwani ya jua ina madaraja: daraja la 3 linafaa mchana wa huku, la 4 ni giza mno, halifai kuendeshea. Ile ya kukata mng'ao wa lami na bahari ni nzuri sana mchana, ila inaweza kuizima skrini ya simu unayotumia kwa ramani.

Kioo cha mbele

Jicho zuri nyuma ya kioo kibovu ni jicho bovu. Mjini hapa kioo hupata mambo mawili: chumvi ya bahari kwa nje, na utando wa mafuta kwa ndani, unaotokana na plastiki za dashibodi zinazochemka juani. Mchana huuoni. Ukikutana na lori la chumvi la Gongoni usiku, kioo kizima huwa cheupe.

Nje, anza kwa kumwaga maji mengi bila kugusa, chumvi iyeyuke. Tumia ya mfereji au ya mvua. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na yakikauka hukurudishia kilekile ulichokuwa unakiondoa. Ndipo upitishe kitambaa na sabuni kidogo, usuuze, ukaushe. Ndani, changanya spiriti na maji, nusu kwa nusu, lowesha kitambaa badala ya kunyunyizia kioo, ufute kwa mistari ya kwenda juu na chini. Halafu kitambaa kingine kikavu kwa mistari ya kulia na kushoto. Ukiona mkwaruzo wa uchafu umelala, ni wa kitambaa cha pili. Ukisimama, ni wa cha kwanza. Rudia mpaka kioo kilie. Usiguse karatasi ya tinti kwa spiriti. Kila Ijumaa inatosha kwa gari la mjini. Kwa linalolala karibu na bahari, kila siku ya pili kwa nje.

Mipira ya waipa hufa kwa jua kabla ya kufa kwa mvua. Mwezi wa Machi, kabla masika hayajafika, inua waipa, pitisha kidole kwenye mpira. Ukikuta umekauka, una nyufa, au umelala upande mmoja, nunua mpya. Mpira ukiwa bado laini, ufute kwa kitambaa chenye spiriti. Waipa inayoacha upinde wa ukungu mbele ya macho ya dereva, hata ikiwa safi kwingine kote, imekwisha.

Vidoa vidogo vya kokoto huonekana jua likiwa chini. Simamisha gari likitazama magharibi saa kumi na moja na nusu jioni, keti mahali pako. Ukiona mbele yako nyota nyingi ndogo zinazometa, kioo kimechoka na hakuna dawa ila kubadilisha. Kusugua kioo kwa mashine ili kuviondoa hukiacha na mawimbi, na mawimbi ni mabaya kuliko nyota.

Taa

Fundi wengi hurekebisha taa kwa jicho, gereji ikiwa imejaa magari na sakafu ina mteremko. Fanya mwenyewe. Pata ukuta ulio wima na uwanja tambarare. Jaza upepo wa tairi sawasawa, toa mizigo, weka mtu kiti cha dereva. Kama kuna kitufe cha kupandisha na kushusha taa, kiweke sifuri. Sogeza gari taa zake ziwe mita 5 kutoka ukutani. Pima kimo cha kitovu cha taa kutoka chini. Tuseme ni sentimita 65. Bandika tepu ukutani kwa sentimita 60, yaani sentimita 5 chini ya kitovu. Washa dimu, yaani mwanga wa chini. Mstari unaotenganisha mwanga na giza ulale juu ya tepu, na upande wa kushoto upande juu kidogo kuelekea kando ya barabara. Nyuma ya kila taa huwa kuna skrubu mbili, ya juu-chini na ya kulia-kushoto. Zungusha robo robo.

Hesabu yake ni hii. Taa ya kimo cha sentimita 65 inayoshuka sentimita 1 kwa kila mita hugusa lami mita 65 mbele. Fundi akiishusha ikashuka sentimita 2 kwa mita, mwanga unakomea mita 32 tu. Kwa jicho lililofifia, mita hizo 33 zilizopotea ndizo zenye mbuzi. Ikipandishwa mno nayo, unapofusha anayekuja, na aliyepofushwa huja upande wako. Magunia nyuma ya gari pia huinua taa. Ndiyo maana pikapu ya nazi hulalamikiwa na kila mtu.

Magari ya Japani taa zake tayari ni za upande wa kushoto. Gari lililoletwa kutoka nchi zinazoendesha kulia litawapiga mwanga wanaokuja hadi libadilishwe taa zenyewe, si balbu. Balbu za kawaida za H4 ni wati 60 kwa fulu, yaani mwanga wa mbali, na 55 kwa dimu. Ukitia ya wati 100, unayeyusha soketi na waya. Ukitia LED kwenye taa iliyotengenezewa balbu ya kawaida, mwanga hutawanyika: mbele ya bampa panang'aa sana, mbali pana giza, na jicho linadhani linaona kumbe linavutwa karibu. Badilisha balbu mbili kwa pamoja, usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi huipasua.

Kifuniko cha taa kilichogeuka rangi ya chai kimeunguzwa na jua. Zungushia tepu rangi ya gari isikwaruzike, lowesha kifuniko, piga msasa wa maji namba 1000, halafu 1500, halafu 2000, kila namba ukibadili mwelekeo ili uone mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha. Usiharakishe hapa. Umalizie kwa rangi ya kung'arishia, na mwisho kabisa vanishi inayokinga miale ya jua. Wanaotumia dawa ya meno hupata wiki chache nzuri. Wanaoruka vanishi hupata miezi michache.

Mwendo unaolingana na jicho

Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu kati ya kuona na kukanyaga breki. Kwenye lami kavu na breki nzima, kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa huchukua takriban mita 35 zote pamoja. Kutoka 80, mita 69. Kutoka 100, karibu mita 98. Lami ikiwa na maji, sehemu ya breki hukaribia mara mbili. Sasa rudi kwenye taa: dimu nzima iliyopangwa vizuri hufika mita 65, tena kwa kitu cheupe. Mtu mwenye buibui au kanzu ya kahawia hutamwona mpaka karibu zaidi. Kwa hiyo 80 kwa dimu usiku, pale msitu wa Arabuko-Sokoke unapoisindikiza barabara baada ya Gede, ni mwendo unaopita taa, hata kwa kijana mwenye 6/6. Kwa jicho la 6/12 au lenye mtoto wa jicho linaloanza, 50 inatosha, na waliokukasirikia nyuma wape nafasi ya kupita.

Ukipigwa fulu, usiikodolee. Hamisha macho chini kushoto, kwenye mstari wa kando au mpaka wa lami na mchanga, punguza mwendo mapema kabla hamjakutana, na usimlipizie. Mkipofuka wote wawili hakuna aliyeshinda. Mkishapishana, bado jicho linahitaji sekunde kadhaa kurudi, na kadiri umri unavyosonga ndivyo sekunde zinavyoongezeka. Kwa 80, sekunde 3 za upofu ni mita 67. Kioo cha kati nacho kina kidole chini yake cha kukizima usiku. Wengi hawajawahi kukigusa.

Taa moja inayokuja usiihesabu kuwa pikipiki. Inaweza kuwa tuktuk, au lori lililoungua taa ya upande wako. Kaa kushoto kana kwamba ni lori.

Jua linazama hapa kati ya saa 12:10 na 12:40 jioni mwaka mzima, na dakika 20 baadaye ni giza. Hakuna magharibi ndefu ya kulizoeza jicho. Barabara ya kwenda Kakuyuni na lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki inatazama jua jioni, na ukirudi mjini jua likichomoza unalitazama tena. Panga safari iishe kabla ya saa kumi na moja jioni, au ingoje jua lizame kabisa. Ukilazimika, shusha kofia ya jua, fuata kivuli cha miti kando, ongeza nafasi na gari la mbele hadi sekunde 4. Na ukiona kivuli cha gari lako kimelala mbele yako, jua liko nyuma yako: anayekuja ndiye haoni. Washa taa, wala usitegemee kwamba atakupisha.

Pombe ya mnazi hurefusha ule muda wa jicho kurudi baada ya kupigwa mwanga. Muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, hupanua mboni, taa zikazidi ukali, huku ukikudanganya kwamba huna usingizi. Dawa za mafua zinazoleta usingizi huleta na ukungu. Soma pakiti.

Aliyepoteza jicho moja anaweza kuendesha akiruhusiwa na daktari, lakini si mwezi uleule. Ubongo huchukua miezi kujifunza kupima umbali upya. Aanzie uwanjani kwa kuegesha kati ya ndoo mbili, ageuze shingo nzima kila njia panda, aongeze kioo kipana upande wa jicho lililopotea.

Kwa watu wa boda

Kwa kilomita 60 kwa saa upepo hukausha jicho na machozi huzamisha uoni, na mdudu mmoja wa jioni hulifunga kabisa. Kioo cha helmeti cheupe kwa usiku, cheusi kwa mchana. Usiendeshe usiku na cheusi kichwani kisha useme taa ya pikipiki ni mbovu. Kikikwaruzika kibadilishe. Asiye na kioo avae miwani myeupe inayokumbatia pembeni.

Mzee anapokataa

Kumwambia “Baba, wewe huoni siku hizi” ni kuanzisha vita. Mpeleke kwenye kamba. Chagua saa nne asubuhi, gari la jirani, mita 20, wewe usome kwanza kwa sauti gari jingine ili iwe mchezo wa wote.

“Haya Baba, na wewe nisomee ile.”

Akisema bamba limefutika, simama palepale aliposimama uisome wewe, pole pole, herufi kwa herufi, bila kucheka. Halafu fungua kamba, mwache asogee mwenyewe mpaka aisome, na upime amefika wapi. Akisoma kwa mita 12, amepungukiwa na mita 8, na hilo atalihesabu mwenyewe kuliko utakavyomweleza. Siku hiyohiyo mpangie daktari, kwa maana mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na wengi hurudi kuendesha daktari akishawapima tena na kuwaruhusu. Kama ni jicho moja limefanyiwa na jingine bado, angoje. Macho mawili yasiyolingana hukosea umbali. Na ufunguo ukikaa kwako, ukae pamoja na namba ya tuktuk ya mtu anayemheshimu, awe akimpeleka msikitini na sokoni bila kuuliza sana.